Usinihesabie mataji, nionyeshe safu iliyo ndogo

Tuanze na namba, tusije tukagombana bure. Kwa wanaume, Novak Djokovic ana mataji makuu 24, Rafael Nadal 22, Roger Federer 20, Pete Sampras 14, Roy Emerson 12, halafu Rod Laver na Björn Borg 11 kila mmoja. Kwa wanawake, Margaret Court 24, Serena Williams 23, Steffi Graf 22, Helen Wills 19, Chris Evert na Martina Navratilova 18 kila mmoja. Hayo ni ya mchezaji mmoja mmoja, ya wawili wawili nimeyaacha. Na makuu ni yale manne mnayoyajua: Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani.

Kazi yangu ni kufunga nyuzi za raketi. Nina mashine ya kukazia, meza, na benchi la wateja kwenye kibaraza cha klabu moja hapa Dar es Salaam. Tatizo ni hilo benchi. Mtu akileta raketi hataki kuondoka mpaka imalizike, basi anakaa, na akikaa anabisha. Kwingine wanabishania Simba na Yanga, kwangu wanabishania Djokovic na Federer. Kuna kijana wa chuo ambaye kwake namba ndiyo mwisho wa maneno: "Anko, 24 ni kubwa kuliko 20, au nyie shule mlifundishwa hesabu zenu?" Kuna mzee mstaafu aliyeokota mipira ya Wazungu utotoni, na kwake tenisi iliishia kwa Laver. Huyo akimjibu kijana huanza na "Mwanangu," kisha anavuta pumzi, na hapo ujue saa nzima imekwenda.

Mimi nawasikiliza wote huku mikono inafanya kazi. Msimamo wangu ni huu: kuhesabu mataji makuu ni kipimo kizuri kwa watu waliokuwa wanajua kwamba wanapimwa nacho. Kwa waliotangulia, tunawapima kwa kipimo kilichoingia sokoni wao wakiwa wameshafunga duka.

Mtazame Emerson. Yule Mwaustralia alifikisha la 12 mwaka 1967, na hakuna mwanaume aliyempita mpaka Sampras alipochukua la 13 Wimbledon mwaka 2000. Miaka 33 kileleni! Je, umewahi kumsikia mtu anasema Emerson ndiye mchezaji bora kuliko wote waliowahi kuzaliwa? Hata mzee wangu wa benchini, mpenzi wa Waaustralia, hasemi. Sampras alipoanza kumkaribia ndipo vinywa vikajaa namba, na tangu siku hizo kila bingwa anaingia uwanjani na jumla yake imeandikwa kwenye kioo cha televisheni.

Kabla ya hapo watu walikuwa wanayaruka mataji haya kama mtu anavyoruka harusi ya jirani wa mbali. Borg alikwenda Australia mara moja tu, mwaka 1974, hakurudi tena. John McEnroe alikwenda kwa mara ya kwanza mwaka 1983, wakati mataji yake saba yote yalikuwa ya Wimbledon na Marekani na yanaelekea kwisha. Andre Agassi hakukanyaga Melbourne mpaka 1995, akafika, akachukua kombe safari hiyo hiyo. Yeye huyo Wimbledon aliikwepa mwaka 1988, 1989 na 1990.

Lakini anayeniuma zaidi ni Chris Evert. Kwenye viwanja vya udongo huyu mama alikuwa hagusiki: kuanzia Agosti 1973 mpaka Mei 1979 alishinda mechi 125 mfululizo kwenye udongo. Alichukua Paris mwaka 1974 na 1975. Mwaka 1976, 1977 na 1978 hakwenda kabisa, kwa sababu kulikuwa na ligi ya timu Marekani, World TeamTennis, na ndiyo iliyokuwa inamlipa vizuri majira hayo. Aliporudi, akachukua 1979 na 1980. Sasa niambie, ile mitatu ya katikati angechukua mingapi? Kwenye orodha ameandikwa 18. Kumlaumu Evert kwa kuiacha Paris ni kama kumlaumu babu yako kwamba hakuwahi kuweka akiba kwenye simu.

Jimmy Connors naye mwaka 1974 alishinda Australia, Wimbledon na Marekani. Paris hakucheza. Hakuumwa wala hakugoma: alizuiwa mlangoni kwa sababu alikuwa na mkataba na ligi hiyo hiyo ya timu. Katika vitabu utasoma "mataji matatu kati ya manne", na msomaji wa leo anadhani alitolewa raundi fulani.

Na Australia yenyewe, tuseme ukweli, haikuwa sawa na wenzake. Safari ndefu, pesa kidogo, na kwa miaka mingi tarehe zake ziliangukia Krismasi na Mwaka Mpya. Mwaka 1976 alishinda kijana anaitwa Mark Edmondson, aliyekuwa wa 212 kwenye orodha ya ubora duniani. Mpaka leo hakuna mwanaume aliyeshinda taji kubwa akiwa chini kuliko hapo. Kwenye hesabu ya kijana wangu wa chuo, taji la Edmondson la 1976 na lile la Djokovic la 2019 alipomsambaratisha Nadal kwenye fainali ni moja na moja. Hali ilibadilika mwaka 1988, mashindano yalipohama kutoka nyasi za Kooyong kwenda viwanja vipya, wachezaji 128 kama kwingine, na mabingwa wakaanza kupanda ndege bila kubembelezwa.

Hayo ni ya watu waliokataa kwenda. Wapo waliotaka kwenda wakakatazwa.

Vijana wengi hawajui kwamba mpaka 1968 mashindano haya makuu yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu. Ukisaini mkataba wa kulipwa, umetoka. Huingii Wimbledon, huingii Paris, huingii Forest Hills, walikochezea mashindano ya Marekani enzi hizo, utabaki unazunguka kwenye kumbi na wenzako wa kulipwa, leo mji huu kesho mji ule, mnacheza mpaka juu ya turubai lililotandikwa sakafuni. Rod Laver mwaka 1962 alishinda yote manne. Mwaka uliofuata akaenda kulipwa, akakutana na Lew Hoad na Ken Rosewall waliokuwa huko tayari. Walimchapa. Walimchapa miezi ile ya mwanzo mpaka watu wakashangaa: huyu si ndiye aliyebeba makombe yote manne juzi? Ndiye. Ila wababe wenyewe hawakuwamo kwenye yale mashindano.

Laver alisoma haraka, akawa mkuu wa hao wa kulipwa pia, na milango ilipofunguliwa 1968 akaichukua Wimbledon mwaka huo huo. Mwaka 1969 akarudia kushinda yote manne. Hakuna mwanaume mwingine aliyewahi kufanya hivyo mara mbili, na tangu 1969 hakuna mwanaume aliyefanya hata mara moja. Katikati hapo alikosa mashindano makuu 21, akiwa kati ya miaka 24 na 29. Jaza mwenyewe unachotaka kujaza. Mzee wangu hujaza 10 bila kupepesa macho, mimi nasema sijazi, naacha wazi.

Mataji 10 kati ya 12 ya Emerson ni ya miaka hiyo ambayo Laver hakuwepo. Watu wakisikia hivyo wanamcheka Emerson. Nisikilizeni: mawili ya kwanza, Australia na Marekani mwaka 1961, yote alimfunga Laver huyo huyo kwenye fainali. Halafu akachukua mengine 16 ya wawili wawili. Mtu wa namna hiyo hachekwi.

Kama kuna mmoja ambaye namba imemdhulumu kupita wote, ni Rosewall. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Ken Rosewall wa Sydney alizaliwa anatumia kushoto, akafundishwa kucheza kulia. Mwili mdogo, wenzake wakambandika jina la utani "Misuli" kwa kejeli, maana hakuwa nayo. Mpira wake wa mkono wa nyuma ulikuwa unateleza chini kwa chini, karibu na wavu, unafika pale pale. Alishinda Ufaransa mwaka 1953 akiwa kijana wa miaka 18. Akaenda kulipwa mwishoni mwa 1956. Alikosa mashindano makuu kwa miaka 11 mizima, 1957 mpaka 1967, ambayo ni zaidi ya 40. Milango ilipofunguliwa, mashindano makuu ya kwanza ya wote yalikuwa Paris 1968. Nani alishinda? Rosewall, miaka 15 baada ya lile la kwanza, na aliyemfunga fainali ni Laver. Akachukua Marekani 1970, Australia 1971, na Australia 1972 akiwa na miaka 37. Mwaka 1974, miaka 39, akafika fainali ya Wimbledon na fainali ya Marekani. Connors, mtoto wa miaka 21 kwenda 22, akamfuta zote mbili: Wimbledon 6–1, 6–1, 6–4, na Forest Hills 6–1, 6–0, 6–1. Lakini jamani, miaka 39, fainali mbili!

Jumla yake rasmi ni 8, sawa na Agassi na Connors. Kwenye yale mashindano makubwa matatu ya watu wa kulipwa alikuwa na 15, ambayo jedwali la kijana wangu haliyatambui. Na Wimbledon hakuipata kabisa. Fainali nne: 1954, 1956, 1970, 1974. Zote alipigwa.

Aliyempiga ile ya 1954 ni mtu ambaye kila nikimtaja benchini watu wanadhani natunga. Jaroslav Drobný, mzaliwa wa Prague, aliikimbia Chekoslovakia mwaka 1949 na Misri ikampa uraia. Alishinda Paris 1951 na 1952, akashinda Wimbledon 1954, na mara zote hizo karatasi ziliandika jina lake na neno Misri. Alivaa miwani ya rangi uwanjani kwa sababu ya jicho lililoumia kwenye hoki ya barafu, mchezo ambao nao alikuwa ameshinda medali ya fedha ya Olimpiki mwaka 1948. Ana mataji matatu tu. Afrika ikijitafutia bingwa wa Wimbledon, jina liko, limekaa kimya tangu 1954. (Kenya nao wana lao dogo la fahari: Angella Okutoyi, 2022, ubingwa wa Wimbledon wa wasichana wawili wawili akiwa na mwenzake wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp. Ni la vijana, halimo kwenye hesabu hii, ila mimi nimelihesabu.)

Kulikuwa na mlango mwingine uliofungwa, nao haukuhusu pesa. Althea Gibson, Mmarekani mweusi, hakuruhusiwa kucheza mashindano ya taifa la Marekani mpaka 1950, siku aliyotimiza miaka 23. Siku anatimiza umri huo Steffi Graf alikuwa ana mataji 10. Gibson alichukua Paris 1956, kisha Wimbledon na Marekani 1957, kisha zote mbili tena 1958, halafu akaacha, kwa sababu ridhaa haikuwa inamlisha. Matano. Nikiona hiyo tano naisoma polepole.

Sasa nije kwenye raketi, maana huku ndiko kwangu.

Mzee wangu ana raketi ya mbao ya zamani ambayo huniletea mara moja moja niitazame, si kuicheza. Fremu imepinda. Hapa pwani unyevu hauna huruma na mbao, ndiyo maana zamani raketi zilikuwa zinabanwa kwenye kibanio chenye skrubu nne, kama mkate ndani ya chano, zikilala. Uso wake ni mdogo kiasi kwamba ukiuweka juu ya raketi ya kijana wa chuo, unabaki ukingo wa vidole viwili pande zote. Eneo la kupiga mpira ukatoka vizuri ni kama kiganja cha mtoto. Nje ya hapo fremu inatetemeka mkononi na mpira unakwenda unakotaka wenyewe. Borg alicheza na kitu kama hicho, na nyuzi zake alizikaza kwenye ratili 80. Wateja wangu wengi nawafungia 50, 52, wakiomba 55 nawauliza kama bega ni zima. Kwa ratili 80 juu ya mbao, nyuzi zilikuwa zinakatika zenyewe usiku, hajazigusa mtu.

Nyuzi nazo. Uzi wa utumbo wa ng'ombe una uhai, unaurudisha mpira kwa upole, ila unakunywa unyevu na hapa Dar unachakaa kabla hujaufaidi. Uzi wa polyester ni mgumu, hauna raha mkononi, lakini mpira ukiusugua, nyuzi za wima zinateleza pembeni kisha zinarudi kwa nguvu, na mpira unatoka umezunguka kama pia. Gustavo Kuerten aliposhinda Paris mwaka 1997 na nyuzi za namna hiyo, wenzake walianza kuulizana anatumia nini. Baada ya miaka michache karibu wote walikuwa nazo. Ule mpira wa Nadal unaopanda mpaka begani kwa mtu huwezi kuupiga na mbao na utumbo, hata uwe na mkono wa chuma.

Nikumbushe kwamba mwaka 1977 kulikuwa na kituko cha raketi iliyofungwa nyuzi tabaka mbili, zenye vipande vya plastiki. Ilie Năstase aliitumia dhidi ya Guillermo Vilas huko Aix-en-Provence, Vilas akakasirika akatoka uwanjani, na mfululizo wake wa mechi 53 za ushindi kwenye udongo ukaishia hapo. Raketi hiyo ikapigwa marufuku. Natamani niifunge moja nione, basi tu.

Kwa hiyo zama zetu zimewapa mabingwa vitu viwili: raketi inayosamehe, na viwanja vinavyofanana. Mpaka 1974 matatu kati ya yale makuu manne yalichezwa kwenye nyasi, ndiyo maana wanaobeza mwaka wa Laver wa 1969 wanasema alishinda kwenye nyasi tatu na udongo mmoja. Sawa. Leo ni nyasi moja, udongo mmoja na sakafu ngumu mbili, lakini nyasi za Wimbledon tangu 2001 ni za aina moja ngumu, mpira unadunda juu kuliko zamani, na mtu wa kubaki nyuma ya mstari anashinda kule bila kukimbilia wavu. Mwaka huo huo wachezaji wanaotenganishwa wasikutane mapema waliongezwa kutoka 16 mpaka 32. Bingwa anaingia wiki ya pili hajakutana na mtu wa maana. Sampras hakuwa na raha hiyo, na alistaafu baada ya kushinda Marekani 2002 akiwa na miaka 31. Djokovic alichukua la 24 kule New York mwaka 2023 akiwa na 36.

Kijana hapa huniambia, "Anko unamchukia Djokovic." Simchukii. Kwa wanaume nimemweka wa kwanza, ila si kwa ile 24.

Mimi naangalia safu iliyo ndogo. Chukua mchezaji, gawa mataji yake katika yale mashindano manne, kisha usitazame kubwa, tazama dogo. Nadal ana 14 za Paris, ajabu isiyo na mfano, lakini Australia ni 2 na Wimbledon ni 2. Federer ana 8 za Wimbledon, Paris ni 1. Sampras ana 7 za Wimbledon, Paris sifuri. Borg Paris 6, Wimbledon 5, kisha sifuri mbili. Djokovic ana Australia 10, Wimbledon 7, Marekani 4, Paris 3. Dogo lake ni 3, na hakuna mwanaume mwingine mwenye dogo la 3. Paris hiyo alikuwa anaitafuta kwenye zama za mtu mwenye 14, na mara mbili alimtoa Nadal pale pale, 2015 na 2021. Mtu akikosa pa kujificha kwenye viwanja vyote vinne, huyo ndiye ninayemwita mkubwa.

Pia namba kubwa zinaning'inia kwenye uzi mwembamba mno. Fainali ya Wimbledon 2019, Federer, karibu miaka 38, anaanzisha mpira akiongoza 8–7 seti ya tano, 40–15. Pointi mbili za ubingwa mkononi. Djokovic akaziokoa zote, akashinda 13–12. Kwenye mechi nzima Federer alipata pointi 218, Djokovic 204. Pointi moja tu ikidondokea upande wa pili, leo tunaandika 21 na 23. Tabia ya mchezaji haijabadilika hata chembe, jedwali ndilo limebadilika.

Kanuni yangu ina kasoro na ninaijua: Emerson dogo lake ni 2, sawa na Laver na sawa na Nadal, na Rosewall anapata sifuri. Mzee alipoliona hilo alicheka mpaka miwani ikamtoka. Ndiyo maana kwa waliocheza kabla ya 1968 nasoma kwanza milango iliyofungwa, kisha namba. Laver namweka wa pili, mbele ya Nadal na Federer. Rosewall namweka kwenye tano bora, na kijana wa chuo amesusa chai kwa ajili hiyo.

Kwa wanawake kanuni hii inafanya kazi kubwa zaidi. Ukisoma jumla tu, Margaret Court yuko juu na 24. Gawa: Australia 11, Paris 5, Marekani 5, Wimbledon 3. Saba za mwanzo za Australia ni za mfululizo, 1960 mpaka 1966, na nne za kwanza zote alimfunga mtu mmoja kwenye fainali, Jan Lehane, Mwaustralia mwenzake. Wachezaji wengi wa Ulaya na Marekani hawakuwa wakisafiri. Waliombeza Court huishia hapo. Hawasemi kwamba mwaka 1970 alishinda yote manne, wala kwamba alijifungua mwaka 1972, kisha mwaka 1973 akarudi akachukua matatu kati ya manne. Serena, ambaye baada ya kujifungua alifika fainali nne akakosa zote, angekwambia mwenyewe hilo lina uzito gani.

Serena: Australia 7, Wimbledon 7, Marekani 6, Paris 3. La mwisho, Australia 2017, alishinda akiwa mjamzito na miaka 35. Dogo lake ni 3, sawa na la Court. Navratilova dogo lake ni 2, ingawa ukiongeza ya wawili wawili na ya mchanganyiko wa mwanamke na mwanaume anafikisha 59, na mimi ninayefunga raketi za watu wa wawili wawili kila wiki sipendi kuona hayo yanatupwa. Wills Australia hakwenda kabisa.

Graf: Wimbledon 7, Paris 6, Marekani 5, Australia 4. Dogo ni 4. Hakuna mwingine, mwanamke wala mwanaume, aliyeshinda kila moja angalau mara nne. Mwaka 1988 alishinda yote manne na dhahabu ya Olimpiki juu yake. Kwa kanuni yangu ndiye wa kwanza, na nimemwandika wa kwanza.

Ila kuna mama mmoja anayecheza hapa Jumamosi asubuhi, mkono mkali, raketi yake naifunga kwa ratili 54, ambaye hakubali. Yeye hasemi Court wala Serena. Anasema Monica Seles. Seles alikuwa na mataji 8 kabla hajatimiza miaka 20, Paris mara tatu mfululizo, Australia mara tatu mfululizo, Marekani mara mbili. Tarehe 30 Aprili 1993, huko Hamburg, shabiki wa Graf alimchoma kisu mgongoni akiwa amekaa wakati wa kubadilishana upande. Hakurudi uwanjani kwa zaidi ya miaka miwili. Mashindano makuu manne yaliyofuata, Paris, Wimbledon na Marekani 1993, kisha Australia 1994, yote alishinda Graf.

Graf hakufanya kosa lolote, alicheza na waliokuwepo. Hilo nimemwambia huyo mama. Akanijibu, "Na Emerson je?" Sikuwa na la kusema, nikamkabidhi raketi yake. Seles alirudi, akachukua Australia 1996, na jumla yake imebaki 9.